Friza ya Shangazi na Muziki wa Sayari

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa kaka Elibariki ni kwamba alivua ndala ndipo akagusa kinanda. Siyo mlangoni, kama wengine wanavyovua wasichafue sakafu. Aliingia nazo mpaka ndani, akakaa kwenye kiti, akazivua, akazipanga pamoja upande wa kushoto, halafu akashusha miguu mitupu kwenye saruji polepole, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha akapiga.

Nilimwona kwa sababu mlango wake ulikuwa haufungi vizuri. Ulikuwa mwezi wa tatu, wiki aliyohamia hapa kwetu Wazo. Nyumba ni ya shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Lusungu kwa jina la mwanawe aliyeko Mbeya. Anapangisha chumba kimoja tu, kile kilichopakana na ukumbi, na hapangishi mtu mwenye redio kubwa. Kaka Elibariki alipokuja kuomba chumba hakusema kwamba ana kinanda. Alisema ni mwalimu wa fizikia kutoka Meru, amepumzika kufundisha. Kinanda kilikuja kesho yake kwenye bajaji, kimeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

Mie naishi na shangazi tangu nina miaka kumi na tatu, nilipoacha shule darasa la tano, mama alipofariki. Kazi yangu ni barafu. Za ubuyu, za ukwaju, za maziwa. Nachemsha, nafunga kwenye vifuko, napanga kwenye friza, na wanafunzi wa shule ya jirani wakitoka mapumziko wananunua dirishani. Ni kazi inayonifaa, maana haina maneno mengi. Mteja ananyoosha kidole, mie namtolea.

Friza yetu ni kubwa, ya zamani, ya kulala. Inakaa ukumbini, imeegemea ukuta wa chumba cha kaka Eli. Kwa joto la huku ilikuwa haipumziki, inanguruma kutwa, mpaka vifuniko vya sufuria vilivyokuwa juu yake vinagongana. Sie tulishaizoea. Mgeni akiuliza ni kitu gani hicho, shangazi anamuuliza kitu gani.

Muziki wa kaka Eli ulikuwa wa filamu. Filamu za nyota, za sayari, za vyombo vinavyorushwa angani vikasafiri miaka na miaka. Shangazi alijaribu kuuelewa siku moja, tukiwa tunachambua mchele.

“Huo muziki wako, Elibariki, unaitikiwa wapi?”

“Hauitikiwi, mama.”

“Unachezwaje?”

“Hauchezwi.”

“Sasa mtu anaufanyia nini?”

“Anakaa tu. Picha inaonyesha sayari inazunguka kwenye giza, peke yake, na muziki unamshika mtazamaji mkono asiogope.”

Shangazi alinigeukia. “Bupe, mpe mwenzio barafu. Joto limempanda kichwani.”

Kaka Eli alicheka sana, na barafu aliichukua, ya ukwaju. Akatueleza kwamba kule juu hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri. Jiwe kubwa kama Kilimanjaro likigongana na jingine, ukiwa pembeni husikii hata chembe. “Kwa hiyo kazi yangu ni uongo mtupu,” alisema. “Naweka sauti mahali pasipo na sauti.” Kisha akanyonya barafu, akatazama ukuta. “Ila ningepata ukimya. Ukimya wa kweli, kama wa huko. Hapo ningefanya kitu.”

Alimwambia shangazi. Lakini mie ndiye niliyelishika lile neno.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Kinanda kilikuwa kimeharibika tundu la kutolea sauti kwa waya, kwa hiyo alisimamisha maiki mbele ya spika yake ndogo na kurekodi hapo, kama mtu anavyorekodi kwaya. Alibonyeza noti moja, akaibana na kipande cha boksi kilichokunjwa ili isiachie, akaiacha ilie dakika tano, sita. Halafu juu yake anaweka nyingine. Akimaliza, kompyuta inazivuta zinakuwa ndefu zaidi, laini, hujui inaanza wapi wala inaisha wapi. Mara ya kwanza nilipousikia nilikuwa nafunga ubuyu. Nilifunga kifuko kimoja mara tatu.

Wiki ile ile alimtumia dada Rumana kipande cha dakika tatu. Dada Rumana ndiye mwenye filamu. Kwao wana duka la vifaa vya maabara mjini, na yeye alikuwa anatengeneza filamu ya kuonyesha shuleni, kuhusu chombo kinachosafiri kutoka Jua mpaka sayari ya mwisho. Alikuja mwenyewe na kigari chake cheupe, akamwamkia shangazi, akakaa kwenye stuli ukumbini.

“Kaka Eli, hiki kipande chako kina kitu chini,” alisema. “Nimekisikiliza kama mara kumi. Kama vile kuna mtu amelala chumba cha pili. Humwoni, lakini unajua yupo.”

Akampa kazi yote. Dakika ishirini na tano za muziki, mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Kaka Eli alimrushia shangazi kile kipande kwenye simu, kwa heshima. Shangazi alisikiliza kidogo, akaniambia usingizi unakuja. Siku aliyonipa simu yake nimnunulie vocha, nilijirushia.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kuzima friza.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa nne alikuwa anarekodi asubuhi, kuanzia saa tatu, watoto wakiwa madarasani na shangazi akiwa gengeni. Nilisubiri nisikie ndala zinapangwa sakafuni, moja, ya pili, halafu nakwenda kwenye soketi, nabonyeza. Friza inatetemeka mara moja, kama mtu aliyeshtuka usingizini, inanyamaza. Mie nakaa pale pale kwenye ndoo iliyofunikwa, mgongo ukutani, na bakuli la ubuyu mapajani. Akimaliza, nawasha. Wiki tano.

Barafu zikaanza kuwa laini. Watoto wakaanza kunichokoza dirishani.

“Dada Bupe, hii barafu au uji?”

“Nipe kijiko basi.”

“Mwacheni, anatupikia.”

Shangazi alizibonyeza kwa kidole, akaipiga friza kofi ubavuni. “Imezeeka hii. Inakata pumzi.” Mie nikaendelea kupanga vifuko. Nilikuwa naona nimembebea kaka Eli mzigo ambao hajui kama ulikuwepo, na jambo hilo lilikuwa tamu kuliko ubuyu.

Jumatano ya wiki ya mwisho dada Rumana alikuja kusikiliza kazi nzima. Ilikuwa asubuhi, friza nimeshaizima. Waliacha mlango wazi kwa ajili ya joto. Muziki ulilia mpaka mwisho, na dada Rumana akazungusha bangili mkononi.

“Ni nzuri,” alisema.

“Sema tu.”

“Imepoa, kaka Eli. Kile kipande cha kwanza kilikuwa na mtu. Hiki ni kama korido ya hospitali.”

Hakubisha. Alimpigia kile cha kwanza, akampigia hiki, tena na tena. Hata mie niliyekuwa ukumbini nilisikia. Noti zilikuwa zile zile, lakini hazikuwa na pa kukaa.

“Kinanda ni hiki hiki?” dada Rumana aliuliza.

“Hiki hiki. Maiki hii hii. Chumba hiki hiki.”

“Mie Jumamosi saa nane mchana lazima nifunge filamu. Watoto wa Kunduchi wameshaahidiwa. Ukikwama nitachukua muziki uliokwisha kutengenezwa, ule wa mtandaoni. Sitaki, lakini nitachukua.”

Jioni ile kaka Eli alikuja jikoni, akamwambia shangazi mwisho wa mwezi atarudisha ufunguo. Kaka yake, Stanley, ana shule Usa River na anatafuta mwalimu wa fizikia.

“Si ulikuja kwa muziki?” shangazi aliuliza.

“Kale kakipaji kadogo nilikokuwa nako kamekwisha, mama.”

“Kamekwisha kamekwenda wapi?”

“Sijui. Ningejua ningekafuata.”

Alisema kwa kutabasamu, akaosha kikombe chake mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba hakajaisha. Nikamenya vitunguu.

Ijumaa mchana nilikuwa napanga barafu huku nasikiliza kile kipande kwenye hedifoni. Hedifoni yangu inalia sikio moja tu, la kulia. Shangazi akaniita kutoka uani, nikausimamisha muziki ili nimwitikie. Noti za juu zikakatika. Ile sauti ya chini ikaendelea.

Niliangalia simu. Imesimama. Nikachomoa hedifoni sikioni, sauti bado ipo. Nikaweka kiganja kwenye mfuniko wa friza, nikaisikia ikipanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nikaenda kwenye soketi nikaizima, ukumbi ukawa kimya, halafu nikabonyeza muziki, na mle ndani ya simu friza ya shangazi ilikuwa inanguruma, mbali, taratibu, chini ya nyota zote.

Nilikaa kwenye ndoo. Shangazi aliita mara ya pili na ya tatu. Yule mtu wa chumba cha pili, nilikuwa ninamzima mie, kila asubuhi, kwa kidole changu.

Siku ile nilisimama mlangoni kwa kaka Eli mara tatu. Mara ya kwanza nilimpelekea chai, akasema, “Asante, dada Bupe,” nikarudi. Mara ya pili nilifuata kikombe. Mara ya tatu sikuwa na sababu, nikageuka kabla hajaniona. Ningemwambia nini? Angeuliza nani alikuwa anaizima. Shangazi angejua nani amemharibia barafu wiki tano. Nikaona njia iliyo rahisi ni kuiacha iwake tu; akirekodi, sauti itarudi yenyewe, na mie nitabaki na siri yangu. Iliwaka siku nzima. Lakini kaka Eli hakurekodi. Nilimsikia anaviringisha nyaya.

Jumamosi saa tatu akaja fundi Adelard. Shangazi alikuwa amemwita bila kutuambia. Ni mtu mnene, mcheshi, anatengeneza mafriji ya mahoteli ya kule ufukweni Kunduchi, na begi lake lina vyombo kuliko duka. Aliweka sikio kwenye ubavu wa friza yetu.

“Mama Lusungu, hii siyo friza. Hii ni trekta.”

“Inalima nini? Barafu zenyewe uji.”

“Raba za mota zimekufa. Naweka mpya, nakaza nati, nabadilisha na hiki kidude hapa. Ikiwaka hutajua kama imewaka. Nipe mtu tuivute.”

Kaka Eli alitoka chumbani kusaidia. Akashika upande mmoja, fundi upande wa pili. Mie nilikuwa nimekumbatia vifuniko vya sufuria nilivyoviondoa juu. Niliona spana mkononi kwa fundi, nikaona vidole vya kaka Eli vimejipachika chini ya ukingo.

“Msiiguse.”

Shangazi akatazama mlangoni. “Nani huyo?”

“Mie.”

“Bupe?”

“Msiiguse kwanza. Kaka Eli, sauti yake imo. Imo kwenye ule wa kwanza.” Nikaviweka vifuniko chini. Nikampa simu, nikampa hedifoni, nikamwonyesha ni sikio lipi. “Sikiliza. Sasa usimamishe.”

Alisikiliza huku amekunja uso, mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi asiyeeleweka. Akasimamisha. Akabaki ameinamisha kichwa. Akachomoa hedifoni, akairudisha, akachomoa tena. Halafu akaweka kiganja pale pale juu ya mfuniko nilipokuwa nimeweka cha kwangu jana yake.

“Lakini juzi ilikuwa hapa hapa,” alisema polepole. “Wiki zote hizi ilikuwa hapa.”

“Nilikuwa naizima. Ukivua ndala, naizima.”

“Kwa nini?”

“Ulisema ungepata ukimya.”

Ukumbi mzima ulitulia isipokuwa friza. Shangazi ndiye aliyeanza. “Kumbe barafu zangu ni wewe. Nimemtukana mashine wa watu bure.” Lakini kaka Eli alikuwa ameshakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friza, anacheka mpaka anajifuta macho na mkono wa shati. Alivua ndala, akakanyaga saruji.

“Iko hapa,” alisema. “Inapita chini ya ukuta, inafika mpaka kwenye kiti changu. Mie nilikuwa najiona fundi. Najiambia kinanda kimeshuka kidogo, nakipandisha, nakishusha, mpaka noti inakaa mahali inapopapenda. Kumbe naifuata friza.” Akatikisa kichwa. “Nimekulia ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga ya baba. Kwetu hatusikiagi mashine ikiwa inanguruma. Tunasikia ikizimika.”

“Sasa nitengeneze au nisitengeneze?” fundi Adelard aliuliza.

“Subiri kidogo, fundi.”

“Nasubiri nini?”

“Tunairekodi.”

Fundi alimtazama shangazi, shangazi akatazama dari. “Miaka ishirini mie natengeneza mafriji,” fundi alisema, akakaa juu ya begi lake. “Haya. Irekodini.”

Kaka Eli alileta maiki, akaikalisha juu ya friza kwenye khanga iliyokunjwa mara nne. Akaniambia nikae karibu. “Wewe una masikio, dada Bupe. Ikibadilika niambie.” Ndipo nikamwambia neno la pili la siku ile, na la pili lilikuwa rahisi kuliko la kwanza: kwamba ikiwa tupu inaimba juu kidogo, na ikijaa inashuka. Nalijua hilo kwa miaka. Ndivyo ninavyojua kama nimeshaijaza bila kufungua. Akanitazama kama vile nimemfungulia dirisha. Kwa hiyo tukaitoa mizigo yote kwa ajili ya sayari za karibu na Jua, tukairudisha kidogo kidogo kadiri chombo kinavyokwenda mbali. Fundi Adelard ndiye aliyebeba mabeseni ya barafu, anatembea kwa ncha za vidole na mwili wake wote ule. Dirishani watu waligonga. Shangazi aliwafukuza kwa kunong’ona.

“Rudi saa saba, baba. Friza iko studio.”

Kaka Eli akauweka ule mngurumo chini ya noti zake zote, na dada Rumana akafika saa nane kasoro. Safari hii alisikiliza amefumba macho. Muziki ulipoisha hakusema kwamba ni mzuri. Alisema, “Usiguse kitu tena,” akachomeka kifaa chake kwenye kompyuta, akachukua, akaondoka mbio, akasahau kunywa juisi aliyotengenezewa.

Watoto wa Kunduchi waliiona wiki iliyofuata, kwenye ukumbi uliozibwa madirisha kwa mashuka. Nilikaa nyuma na shangazi. Chombo kilipofika kwenye sayari ya mwisho, palipo giza na baridi, hakuna mtoto hata mmoja aliyekohoa. Shangazi aliniminya goti. “Huyo wetu huyo,” alinong’ona.

Kaka Eli hakwenda Usa River. Baada ya filamu ile alipata nyingine, na mwezi wa saba alihamia Kinondoni, kwenye chumba cha kurekodia chenye kuta za sponji. Akipiga kinanda kanisani Kunduchi Jumapili, hupitia kwetu kula barafu, na sasa barafu zetu zinavunja meno. Shangazi amemsimulia kila mpangaji mpya na kila mteja habari za Bupe wake mwenye huruma, aliyemtafutia mtu ukimya mpaka akamharibia kazi. Na yeye mwenyewe kaka Eli husema hivyo hivyo, akiwa na wageni. Dada Bupe alikuwa ananitafutia ukimya. Mie huinama, nacheka kidogo, nawaacha waamini.

Ni kweli nilikuwa nimelisikia lile neno lake. Lakini siku ya kwanza nilipobonyeza soketi, sikuwa nawaza ukimya wake. Upande wangu wa ukuta friza ilikuwa inafunika kila kitu, nilikuwa napata noti moja moja tu, za juu kabisa, kama mtu anayesikia harusi ya mbali. Nililijua hilo siku ile nilipoulizwa kwa nini, mbele ya fundi na shangazi, nikajibu lile jibu la heshima. Jibu lenyewe ni hili, kaka Eli. Niliizima kwa ajili yangu. Nilikuwa nataka nikusikie wewe.